Jani la Safu ya Chini

Kitu cha kwanza alichokiona Fortunée, hata kabla macho yake hayajazoea giza la mle ndani, ni jani moja la tumbaku lililolegea. Majani mengine yote yalikuwa yamefungwa vizuri kwenye fito, vikonyo juu, ncha chini, yakining'inia kimya kama nguo zilizoanikwa. Hilo moja lilikuwa limechomoka nusu kwenye uzi wake. Lilikuwa katika safu ya chini kabisa, na chini ya safu hiyo, si mbali, lilipita bomba la bati la kuleta joto kutoka kwenye jiko la nje.

Litadondoka, alijisemea moyoni. Kisha akageuza uso, kama mtu aliyekutana sokoni na mtu asiyetaka kusalimiana naye.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane, mwaka elfu mbili na nne. Waumini wa kanisa la Wakongo la Lewisville walikuwa njiani kwenda Houston, kusali pamoja na wenzao wa mtaa wa Alief. Walikuwa wamejaa magari mawili, sufuria za wali miguuni, wakiimba tangu asubuhi. Zikiwa zimebaki kama dakika arobaini wafike, waliacha barabara kuu, wakaingia njia ya vumbi ya shamba la Mama Verlene. Mama huyo, Mmarekani mweusi wa miaka sabini na kitu, ndiye aliyewakusanyia mablanketi na vyombo miaka miwili nyuma walipotoka kambi ya wakimbizi ya Kigoma hawana hata kijiko. Siku zote aliwaambia, mkipita kwenda Houston msinipite bila kula. Siku hiyo hawakumpita.

Baada ya kula aliwapeleka kuona fahari ya shamba lake. Yalikuwa mabani matatu, majengo ya kukaushia tumbaku kwa moto, marefu, ya magogo yaliyogeuka rangi ya majivu, yaliyojengwa na babu yake mzaa baba. Moja sasa lilikuwa la trekta, moja la nyasi za ng'ombe. La tatu alikuwa amelifagia, akalitengenezea mabomba, akapanda tumbaku robo eka, akaichuma na kuining'iniza humo. Ukoo wake wote ungekutana mwezi wa tisa kuadhimisha miaka mia ya shamba, na yeye alitaka wajukuu wanuse moshi ule alioukulia.

"Babangu alikufa nikiwa na miaka kumi na miwili," alisema, na Fortunée akatafsiri. "Tangu hapo hakuna aliyewasha moto humu. Nimekumbuka tu ya utotoni. Jumatatu asubuhi nawasha."

Fortunée ndiye aliyekuwa mdomo wa baba yake. Shule aliiacha darasa la nne, lakini Kiingereza alikiokota kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya nyumba ya wazee, neno moja leo, jingine kesho. Baba yake, Mzee Wilondja, hakukiokota. Tangu afike Amerika alitembea kama mgeni ndani ya nyumba ya mtu, hatua fupi, mikono karibu na mwili, asije akaangusha kitu. Ghalani alikofanya kazi alifunga maboksi kwa plastiki kutoka alfajiri hadi alasiri na hakuna aliyejua sauti yake.

Lakini alipoinama kupita mlango wa bani lile, mikono yake ilifunguka. Alishika jani, akalikunja masikioni alisikilize. Akanusa vidole vyake. Akacheka peke yake.

"Mama," alimwita binti yake. Alimwita hivyo siku zote, kwa kuwa binti huyo alibeba jina la ukoo la mama mzazi wa Wilondja. "Mama, njoo unuse. Si ni kwetu hapa?"

Fortunée hakunusa. Harufu hiyo ilikuwa imeshamwingia tangu mlangoni, na haikuwa na haja ya kuitwa.

Kule Kigoma, Wilondja alitoka kambini kwenda kuchomea mabani ya wenyeji. Kuchoma bani ni kazi ya mtu mwenye akili za moto. Jani linataka joto kidogo likiwa kijani, joto zaidi likigeuka njano, na joto kali mwishoni likauke mpaka kikonyo, na ukikosea siku moja mwaka mzima umekwenda. Watu walikuwa wakimfuata mpaka kwenye hema lake. Na binti yake alimfuata yeye, kufunga majani kwenye fito. Utomvu wa tumbaku ulimganda mikononi, mweusi, unanata kama gundi. Kabla ya shule alijisugua kwa nyanya mbichi mpaka ngozi ikachubuka, na bado haukutoka wote, wala harufu haikutoka. Mwalimu alimkalisha peke yake dirishani. Wenzake wakampa jina, Bibi Ugoro. Darasa la nne halikuisha kabla yeye hajaacha shule.

Sasa baba yake alikuwa amepiga goti mbele ya waumini wote, na suruali yake ya mkutano. Alikaza kiwiko juu ya bomba la bati, akausimamisha mkono, vidole vikielekea juu. Hicho ndicho kipimo cha watu wa mabani: kutoka bomba mpaka majani ya chini, mkono wa mtu mzima usiguswe. Majani yakigusa hata ncha ya kidole, safu hiyo inashushwa. Hapa majani yalimfunika kiganja kizima mpaka kwenye kifundo cha mkono.

"Aa, hapana," alisema Wilondja. Alilitikisa kwa kidole lile jani lililolegea. "Hapana, hapana. Mwambie mama huyu, safu ya chini yote aitoe. Leo hii. Na fito zote akaze uzi upya. Moto ukipanda majani yanasinyaa, uzi unalegea, jani linadondoka juu ya bomba. Moja tu. Linashika moto, na bani lote linakwenda. Mwambie mie nilichomaka bani miaka saba, najua ninachosema."

Mlangoni walisimama kina mama wa kanisa, vitenge puani. Mama Clothilde, mkubwa wa kwaya, mwanamke mwema lakini mwenye mdomo usiojua kupumzika, alipiga makofi mara moja.

"Yee! Papa Wilondja! Kumbe nyinyi ni watu wa tumbaku! Mchungaji Émile anahubiri kila Jumapili tuache uchafu, kumbe uchafu wenyewe tumeuweka kwenye kwaya, mstari wa mbele, unaimba sauti ya kwanza!"

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko cha utani tu, cha watu walioshiba, na Wilondja mwenyewe alicheka nao. Lakini Fortunée, ambaye ndiye aliyeimba sauti ya kwanza, alihisi mikono yake inanata. Aliificha nyuma ya sketi.

"Anasemaje baba yako?" aliuliza Mama Verlene, akitabasamu.

Kila mtu alikuwa akimtazama. Maneno alikuwa nayo. Moto alijua kusema, bomba alijua, hatari alijua, maana neno hilo lilibandikwa kwenye ukuta wa chumba cha kufulia. Lakini kuyasema ni kusimama pale kama binti wa mchoma bani, na kueleza, na kuulizwa tena, na kueleza tena.

"Anasema ni nzuri sana," alisema kwa Kiingereza. "Anasema Mungu akubariki."

Mama Verlene aliguswa. Alimpigapiga Mzee Wilondja begani, akasema asante, asante sana, akageuka kuwaonyesha wengine jina la babu yake lililochongwa mlangoni.

Wilondja alibaki amesimama, mkono bado mbele, bomba likiwa limemchora vumbi kwenye kiwiko.

"Amesemaje?"

"Amesema asante, papa."

"Asante tu? Hatashusha?"

"Asante tu."

Mzee aliutazama mgongo wa Mama Verlene. Kisha akajipangusa kiwiko.

Kesho yake, Jumapili, baada ya ibada ya Alief, Fortunée aliomba simu ya wenyeji akajifungia nayo bafuni. Namba ya Mama Verlene alikuwa ameiandika kwenye jalada la Biblia. Alibonyeza namba tatu za mwanzo. Atasema nini? Kwamba jana baba yangu alisema hivi? Na kwa nini jana hukusema, binti? Alisimama na simu mkononi hadi mtu akagonga mlango akitaka kujisaidia. Akaizima, akatoka, akaomba radhi.

Jumatano walikuwa wamesharudi Lewisville. Mama Clothilde hakupiga simu, alipanda ngazi mwenyewe, ghorofa ya tatu, akifika hana pumzi.

"Limeungua," alisema. "Lile la tumbaku. Jana saa sita mchana, na upepo ukalipeleka kwenye lile la nyasi. Mawili yamekwenda. Limebaki la trekta tu."

"Mama mwenyewe?" aliuliza Wilondja.

"Mzima. Ameungua mkono. Alitaka kuung'oa ule mlango wenye jina la babu yake."

Wilondja alikuwa anavaa viatu vya kazini. Alibaki na kimoja mkononi.

"Na wewe ulimwambia," aliendelea Mama Clothilde, na machozi yakamtoka kwa kweli. "Nilikusikia kwa masikio yangu haya mawili. Nilikuwa nacheka kama mjinga, lakini nilikusikia. Ulimwambia!"

"Nilimwambia," alisema Wilondja.

Fortunée alikuwa jikoni. Alifungua bomba la maji lipige kelele.

Baada ya siku ile, mzee alibadilika, na kubadilika kwenyewe kulikuwa kwa polepole kiasi kwamba mtu mwingine asingeona. Hakukasirika. Hakumlaumu Mama Verlene hata mara moja. Alisema tu, jioni moja, akimenya ndizi, "Sasa nimeelewa. Huku mtu kama mie akisema, ni kama mbuzi amelia. Wanasikia sauti, wanasema asante." Akacheka kidogo, akaendelea kumenya.

Zamani alikuwa mtu asiyeona kitu akanyamaza. Chumvi imezidi, alisema. Msumari umelegea, alisema. Sasa alinyamaza. Mwezi wa kumi, ghalani, wenzake walipanga maboksi mazito juu ya mepesi. Yeye aliona, akapita. Mnara ukaanguka, nusura umpige mwanamke mmoja wa Burundi. Msimamizi alipouliza, kwa kupitia Mkongo mwenzao, kama kuna aliyeona, Wilondja alisema hakuona.

Alimsimulia Fortunée mwenyewe. "Niliona, mama," alisema. "Lakini ningemwambia nani?"

Usiku huo Fortunée hakulala, na siku zilizofuata alilala kwa kuibia. Mara nyingi alimsogelea baba yake akakaa karibu naye, mdomo umejaa maneno. Kisha aliuliza kama anataka chai.

Mwezi wa kumi na moja kulikuwa na arusi Houston, na magari ya kanisa yakapita tena njia ile. Wilondja hakutaka kwenda. "Nikaone nini? Majivu?" Mchungaji Émile alimbembeleza mpaka akakubali kwa heshima yake tu.

Shamba lilikuwa limenyamaza. Mahali walipoyaacha mabani mawili palikuwa pamebaki mistatili miwili myeusi kwenye nyasi, na mawe ya majiko yamesimama peke yake. Lile la trekta lilikuwa zima, ubavu mmoja umeungua rangi. Mama Verlene alikuwa amefungwa kitambaa mkono wa kulia. Aliwakumbatia wote kwa mkono mmoja, akawaambia chakula kipo mezani, halafu akamshika Fortunée kiwiko.

"Wewe na baba yako njooni kwanza."

Aliwapeleka hadi kwenye mstatili wa kwanza, palipokuwa na bani la tumbaku. Bomba lilikuwa bado pale, limepinda, limeshika kutu. Mama Verlene alilitazama bomba, akamtazama Wilondja, akasema taratibu ili Fortunée asikose neno.

"Nimelala kitandani wiki nyingi nikiwaza. Siku ile baba yako alipiga goti hapa, akasimamisha mkono wake juu ya bomba. Nikadhani anasali. Sasa sidhani hivyo. Muulize, alikuwa anapima nini?"

Upepo ulipita, ukainua majivu kidogo, ukayaweka.

"Amesemaje?" aliuliza Wilondja. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa, bila kutegemea lolote.

Fortunée alikuwa na jibu tayari. Lilikuja lenyewe, jepesi, kama mara ya kwanza: anauliza hali yako, papa. Lingetosha. Baba yake angesema nzuri, Mama Verlene angeambiwa kitu kingine, na wote watatu wangekwenda kula.

"Anauliza," alisema, akaanza upya. "Anauliza siku ile ulikuwa unapima nini."

Wilondja alikunja uso. "Si nilimwambia?"

"Hapana, papa."

"Nilimwambia. Umesahau? Mama Clothilde alikuwepo. Nikasema ashushe safu ya chini."

"Uliniambia mimi. Mimi sikumwambia."

Mzee hakuelewa mara moja. Alimtazama binti yake mdomoni, kana kwamba maneno yangerudi kupita hapo aweze kuyakagua.

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba ni nzuri sana. Kwamba Mungu ambariki."

"Kwa nini?"

"Mama Clothilde alikuwa anatucheka. Niliona haya."

"Haya ya nini?"

Aliinua mikono yake miwili, misafi, inayonukia sabuni ya mashuka, akamwonyesha. Baba yake aliitazama. Na huenda aliziona nyanya mbichi, na ndoo, na mtoto anayejisugua alfajiri, kwa maana alifumba macho.

"Ulinionea haya mie," alisema.

Fortunée alilia, bila sauti, uso mzima umelowa. Mama Verlene alisogea ili amshike, lakini Wilondja akainua kidole: asubiri.

"Mwambie," alisema. "Yote. Usipunguze. Anza na kipimo."

Akapiga goti juu ya majivu, na suruali ya arusi. Akakaza kiwiko chake juu ya lile bomba lililopinda, akausimamisha mkono, vidole juu. Na Fortunée akasema kwa Kiingereza chake cha chumba cha kufulia, akivunja maneno, akirudi nyuma, akiyapanga tena: kwamba hapa majani hayapaswi kufika, kwamba yalifika hapa, kwenye kifundo, kwamba uzi hulegea, kwamba jani moja hutosha, kwamba baba yake aliyasema haya yote siku ile, akiwa ameshika jani lenyewe, na yeye, Fortunée, akayameza. Kwamba Jumapili aliishika simu, akabonyeza namba tatu, akaiweka chini.

Mama Verlene alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaketi kwenye jiwe la jiko, kama mtu aliyetembea mbali. Aliutazama ule mkono uliosimama. Hakusema kwamba si kitu. Fortunée aliogopa angesema, na akashukuru hakusema.

"Mlango ule," alisema hatimaye, "ndio maandishi pekee tuliyokuwa nayo ya mkono wa babu yangu."

Fortunée alitafsiri. Wilondja aliinamisha kichwa.

"Na mwambie hivi baba yako. Ningemsikiliza. Siku ileile, kabla hamjapanda gari, ningeishusha safu hiyo na kumwomba abaki aniwashie moto yeye. Mwambie hivyo. Angeniambia, ningemsikiliza."

Fortunée alimgeukia baba yake. "Anasema angekusikiliza. Anasema angekuomba ubaki, uwashe wewe."

Wilondja alibaki amepiga goti. Mkono wake hakuushusha. Alivuta pumzi ndefu puani, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane aliangaza macho pande zote, kwenye mawe ya jiko, kwenye paa la lile bani lililobaki, akilipima.

"Lile la trekta," alisema, "boriti yake ya kushoto imeanza kuoza. Mwambie."

Fortunée akamwambia. Mama Verlene akageuka kutazama, akatikisa kichwa kukubali, akasema atamwita fundi, na akauliza kama mzee ataweza kumwonyesha fundi huyo mahali penyewe. Hilo nalo Fortunée akalitafsiri, neno kwa neno, hakuongeza wala hakupunguza. Mama Verlene akatangulia kuelekea mezani walikokuwa wakiitwa.

Wilondja aliinuka. Majivu yalimshika magotini, na Fortunée akainama kumpangusa. Baba yake hakumzuia, wala hakumgusa kichwa kama zamani.

Fortunée angeweza kuishia hapo. Yote aliyoulizwa alikuwa amejibu. Lakini lilibaki moja ambalo hakuna aliyemwuliza, ambalo hakulisema bafuni Alief, wala jikoni na maji yakipiga kelele, wala katika sala. Akiwa bado ameinama, mkono wake kwenye goti la baba yake, alilisema.

"Papa, lile jani lililolegea. Mimi ndiye niliyeliona kwanza. Kabla hujaingia."